Mkono wa Golikipa

Kombani, Kwale
10 Agosti 1964

Kwa ndugu yangu Garama,

Marahaba, maana najua umekwisha kuniamkia kabla hujaifungua bahasha. Pokea salamu zangu, na za mama, na za yule mbuzi wako mweusi ambaye amezaa pacha. Mimi sijambo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema sote hatujambo, lakini leo sentensi hiyo imenishinda. Mama ni mzima wa mwili. Hapo ndipo nitakapoishia.

Mwezi wa sita surua ilipita huku kwetu. Nyumbani kwa baba mdogo Tsuma ilichukua watoto wawili ndani ya siku tano, yule mkubwa na yule wa kunyonya. Unamjua mama yetu, hawezi kukaa kitako mtoto wa mwenziwe analia. Watu wengine waliogopa hata kupita mlangoni, yeye alichemsha mwarobaini akawaogesha wale watoto asubuhi na jioni kwa mkono wake mwenyewe. Sasa watoto wamezikwa, na mkono uliowaogesha ndio unaoulizwa uliwapaka nini.

Baba mdogo amesimama mbele ya watu akasema mama ni mchawi. Simlaumu kwa kulia, Garama. Nilimwona akibeba majeneza mawili madogo. Namlaumu kwa kidole chake.

Wazee wamekaa mara mbili na wameamua kiapo. Mzee Jefwa ndiye mwenye shoka. Hukuwahi kuliona likifanya kazi, basi nikueleze: hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, kisha hupitishwa juu ya kiganja cha kulia mara nne. Kesho yake kiganja hutazamwa. Kikiwa kizima, mtu ameshinda. Kikivimba, anafukuzwa, na hakuna mji utakaompokea kuanzia hapa mpaka mpakani. Na mjane mwenye mtoto wa kiume hasimami mwenyewe. Mwanawe ndiye humtolea mkono. Mwana asipokuja watu husema hata wa tumboni mwake amemkataa, na kesi huishia hapo.

Mama ana mtoto wa kiume mmoja. Njoo.

Dada yako,
Kahaso


Nairobi
21 Agosti 1964

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama umpe shikamoo yangu ukiwa umepiga goti, usimtupie tu kutoka mlangoni kama kawaida yako. Mimi sijambo ila baridi ya huku inaniingia mifupani. Nawaombea afya.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Dada, bendera yetu imepanda Desemba iliyopita, na sisi huko bado tunapasha mashoka? Nenda kwa naibu wa chifu. Mwambie mambo haya yamekatazwa tangu wakati wa Mwingereza.

Nina habari ambayo nilitaka kukuandikia kwa furaha, sasa naiandika kwa aibu. Nimechaguliwa timu ya taifa. Mwishoni mwa mwezi wa tisa tunakwenda Kampala kwenye Kombe la Ujirani, mataifa sita. Mimi nilikuwa golikipa wa akiba, yule wa kwanza amevunjika mguu mazoezini, na wa tatu hayupo. Gazeti moja limeandika kwamba tunakwenda Kampala kula ndizi na kurudi. Viatu tunavaa vya kuazimana. Lakini tunafanya mazoezi kama watu waliotukanwa.

Fainali ni tarehe kumi Oktoba. Nikiondoka sasa sitarudishwa, na timu haina mtu mwingine wa kusimama golini. Waambie wazee wangoje. Mimi shoka lao siliamini, lakini kwa ajili ya mama nitakuja.

Mdogo wako,
Garama


Kombani
30 Agosti 1964

Kwa ndugu yangu,

Salamu zako zimefika, na goti nimepiga. Mama aliitikia marahaba akauliza kama unakula vizuri. Hilo ndilo swali lake la kwanza, na la pili, na la tatu.

Huliamini shoka. Hongera, bwana wa Nairobi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi pia nimesoma mpaka darasa la nne na najua surua ni surua. Lakini kisimani wanawake wakimwona mama anakuja huondoa ndoo zao wakangoja ajaze aondoke, ndipo warudi. Mapenzi, mkewe baba mdogo, ambaye mama alimshika mkono uzazi wote wawili, hupita upande wa pili wa njia. Imani yako utaileta uijaze kwenye mtungi?

Kwa naibu wa chifu nilikwenda. Ni mtu mpole, alinipa na kiti. Akasema serikali haiutambui uchawi, na kwa kuwa haiutambui, haiwezi kumwandikia mtu cheti kwamba si mchawi. Akaniuliza kama kuna aliyempiga mama. Nikasema bado. Akasema basi nirudi akipigwa.

Nilitoa mkono wangu mimi, usidhani sikutoa. Nilisimama mbele ya wazee nikaukunjua. Mzee Jefwa akasema, "Keti, mwanangu. Uganga na uchawi wa mama hushukia kwa binti. Mkono wako na wake ni mmoja, hauwezi kumtolea ushahidi." Nikakaa. Sijawahi kuona aibu ya kuwa mwanamke kama siku ile.

Lakini wazee wamekubali kungoja. Siku ni Jumamosi, tarehe kumi na saba Oktoba. Haitasogezwa tena. Na kuna sharti, sikiliza kwa masikio yote mawili. Mkono wa kulia uje mzima. Mkono wenye jeraha haupimwi, kwa kuwa shoka likiacha alama haitajulikana ni ya leo au ya jana. Wa kushoto haukubaliwi kabisa. Nasikia kazi yako huko ni kujitupa chini mbele ya viatu vya watu. Fikiri.

Dada yako,
Kahaso


Nairobi
14 Septemba 1964

Dada yangu,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Mimi ni mzima, mikono yangu ni mizima. Natumai nanyi hamjambo kwa kadiri inavyowezekana.

Nimekuelewa. Nimenunua glavu za sufu, wenzangu wananicheka na kuniita bibi harusi. Mchezaji mwenzangu Kiilu, ambaye kwao ni Machakos, ndiye peke yake niliyemweleza. Hakucheka. Alisema hata kwao kuna viapo, na kwamba yeye atacheza karibu nami ili mpira usinifikie mara nyingi. Ni beki, ana mwili kama mlango.

Mama asife moyo. Tarehe kumi na tatu nitakuwa Nairobi, kumi na tano niko Mombasa, kumi na sita nitashuka Kombani. Nitautoa mkono huu. Ukiungua, umeungua, lakini hakuna atakayesema mama hana mtu.

Andika kwa anwani ya hoteli ya Kampala niliyoiweka nyuma ya bahasha.

Mdogo wako,
Garama


Kombani
24 Septemba 1964

Garama,

Salamu. Tuko hai.

Jana wametoa makuti ya upande mmoja wa paa. Hatukuwaona waliofanya hivyo, tulikuwa shambani. Yamepangwa vizuri chini ya mchungwa, kana kwamba mtu anahama na anataka kuyachukua. Mama ameyatazama akasema, "Angalau hawakuyachoma." Hali chakula ila uji, na uji wenyewe mpaka nimgombeze.

Mwanzia ndiye anayetuuzia unga. Ni yule Mkamba aliyehamia hapa Kombani akafungua duka, yeye na mkewe Kanini. Huja watu wakamwambia asituuzie. Huwajibu kwamba yeye ni mgeni, bado hajajifunza nani ni mchawi wa wapi. Ana redio. Ameahidi kuitoa nje siku zako za mpira.

Mama ameniambia nikuandikie kwamba ukishindwa kuja isikusumbue moyo. Nimeandika kwa sababu ameniambia. Usimsikilize.

Dada yako,
Kahaso


Kampala
1 Oktoba 1964

Kwa dada yangu na mama yangu,

Shikamooni nyote wawili. Nimeipata barua ya makuti leo. Nimeikunja nikaitia mfukoni na sasa inanichoma mguu.

Jana tumecheza na Ethiopia. Hao walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka juzi, dada. Walikuja uwanjani wakiongea na kucheka kama watu wanaokwenda kufuata nguo kwa fundi. Tumewafunga mbili kwa moja. Baada ya firimbi hatukujua tufanye nini, tulisimama tu tukitazamana, mpaka mwalimu akakimbia kuja kutukumbatia akaanguka kwenye matope. Hapa mjini hakuna aliyelijua jina letu juzi. Leo muuza karanga amenipa mfuko wa bure.

Mikono ni mizima. Naihesabu vidole kila asubuhi. Nusu fainali ni Jumatano, na Sudan.

Nisamehe kwa kuandika habari za furaha kwenye nyumba isiyo na paa. Sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mdogo wako,
Garama


Kampala
8 Oktoba 1964

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Hatujambo sote huku, nami sijambo. Usishangae mwandiko, ni wa rafiki yangu Kiilu, kwa kuwa mimi nimechoka na nimelala chali nikimwambia la kuandika.

Tumewatoa Sudan moja bila. Jumamosi ni fainali na wenyeji. Nitakuja kama nilivyoahidi. Mwambie mama ale.

Mdogo wako,
Garama


Kombani
20 Oktoba 1964

Garama,

Nimeketi dukani kwa Mwanzia naandika. Mama yuko nyuma, Kanini anampaka asali mkononi. Salamu sina.

Siku ya fainali Mwanzia aliweka redio juu ya gunia la mahindi. Alikuja kila mtu. Hata baba mdogo Tsuma alikuja, akasimama pembeni na kofia yake mkononi, maana ni mtoto wa kakaye anayetajwa, na damu haikatai kusikia. Kanini alimpa mama kiti karibu na mlango. Kwa mara ya kwanza tangu Juni hakuna aliyeondoka alipoketi. Tulipofunga lile goli watu walirukaruka, mzee mmoja akamshika mama bega, akakumbuka, akauondoa mkono.

Kisha mtangazaji akasema. Sauti yake ilikuwa ya kusifu, maskini, hakujua. Alisema huyu golikipa wa Kenya ni simba, anacheza na bandeji mkono wa kulia, kwenye nusu fainali alikanyagwa kwa njumu akashonwa nyuzi saba, na daktari alimwambia asicheze, naye akakataa kutoka.

Garama, redio iliendelea kupiga kelele lakini vichwa vyote viligeuka kumtazama mama. Watu arobaini. Wote walikuwa wanalijua sharti la mkono.

Ikaja ile penalti ya mwishoni. Mtangazaji akaita jina lako mara mbili, akapiga ukelele kwamba umeipangua, kisha firimbi, kisha sijui nini, Kenya mabingwa, Kenya mabingwa. Vijana wawili wakashangilia wakaacha. Nilimtazama baba mdogo, nilitaka acheke ili nimchukie vizuri. Hakucheka. Alikuwa analia. Akasema, "Amejikata makusudi. Hata mwanawe anamwogopa." Akavaa kofia akaenda zake.

Tulikungoja. Hata na mkono wako mbovu tulikungoja, ili watu waone sura yako tu. Tarehe kumi na tano nilikwenda barabarani. Kumi na sita nilikuwepo tangu gari la kwanza mpaka la mwisho. Makondakta walikuwa wananifahamu kufikia jioni.

Jumamosi mama alioga, akavaa hando lake jipya la marinda, akaniambia, "Tusiwacheleweshe wazee." Mzee Jefwa alimuuliza mara tatu kama desturi ilivyo: mwanao yuko wapi? Mara mbili alinyamaza. Ya tatu akasema, "Mkono wa mwanangu umeshafanya kazi yake. Leteni shoka." Wazee wakanong'onezana, wakakubali autoe wake mwenyewe.

Mara ya kwanza na ya pili hakutoa sauti. Ya tatu aliita jina la baba. Ya nne sikuiona, nilikuwa nimefumba macho, nisamehewe.

Jumapili asubuhi walifungua kitambaa walichomfunga mkononi. Kiganja kilikuwa kimevimba kama kinavyovimba kiganja chochote kilichochomwa moto. Mzee Jefwa alikitazama muda mrefu. Nadhani hakupenda kusema, lakini alisema. Wakatupa siku mbili tuhame.

Leo tumetoka. Mimi nimebeba sufuria na mkeka, mama amebeba mkono wake. Njiani hakunung'unika. Tulipokaribia barabara kuu akaniuliza, "Ile penalti aliipangua kwa mkono gani?"

Nikamwambia wa kulia.

Tukaenda hatua nyingi. Kisha akasema, "Basi ilimuuma sana."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyo. Mimi si yeye. Mimi nakuuliza, barua ile iliyoandikwa na Kiilu, ulikuwa umelala chali kweli? Ulishindwa kusema neno moja, nimeumia, ili nimwandae? Ningeweza kwenda kwa mjomba, ningeweza kumtorosha mbali kabla ya siku. Ulitunyima hata hizo siku tisa.

Sikwambii tunakokwenda. Mama amenikataza, anaogopa utakuja na kelele za waandishi wa magazeti na watu watujue hata huko. Nikipata moyo nitapita hapa kwa Mwanzia kuuliza kama kuna barua. Usitegemee moyo wangu.

Binti ya mama yako,
Kahaso


Kombani
9 Novemba 1964

Shikamoo dada. Shikamoo mama.

Natumai mmepata pa kulala na kwamba mkono wa mama unapona. Mimi, tukiendelea na desturi, sijambo.

Nimetoka nyumbani sasa hivi. Milango haipo. Yule mbuzi mweusi na wanawe wako kwa baba mdogo, amenambia niwachukue, hakunitazama usoni. Mapenzi alitoka ndani akanipa maji ya kunywa. Nilipokuwa naondoka akasema mama ndiye peke yake aliyemshikia watoto wake walipokuwa wagonjwa. Alisema hivyo tu akarudi ndani. Sijui nifanye nini na maneno hayo, nawaletea.

Dada, sikuwa nimelala chali. Nilikuwa nimeketi na mkono kwenye beseni, Kiilu analia anaandika, ananiambia mwambie, nami nasema andika sijambo. Nilipoona njumu zile zinakuja niliuona mpira na nilimwona mama, vyote viwili, dada, sidanganyi, na nikautoa mkono kwenye mpira. Ningeweza kuuacha uingie. Ilikuwa moja bila, tungesawazishiwa, labda tungeshindwa, na leo ningekuwa mtu wa kawaida aliyerudi kwao. Nimejiuliza kila siku kwa nini. Jibu ninalopata ni kwamba kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananitegemea na nilikuwa naweza. Kwa mama sikujua kama naweza. Nililiogopa shoka. Nilisema siliamini, lakini nililiogopa.

Tuliporudi Nairobi tulipandishwa lori tukazungushwa mjini. Nilibebwa mabegani. Tarehe kumi na nne nilikwenda stesheni ya reli na tikiti, nikaketi benchini, treni ikaondoka bila mimi. Tarehe kumi na tano nikaenda tena. Niliutazama mkono huu wenye nyuzi nikasema nitaingia na nini kwetu. Ikaondoka tena. Hakuna aliyenizuia. Nataka mlijue hilo, ili msije mkasikia kwa watu kwamba serikali ilinishika kwa sherehe.

Sina mwandishi wa gazeti pamoja nami. Medali nimemwachia Kiilu. Nimekuja na begi moja na nimeacha kazi. Nitakaa hapa Kombani, Mwanzia amenipa sehemu ya kulala stoo nimbebee magunia, kwa mkono wa kushoto mpaka huu mwingine upone. Kila mtu anayeshuka garini namtazama. Kanini anasema mlielekea kusini. Nimekwenda Msambweni na kurudi, nimekwenda mpaka Jego nikauliza mwanamke aliyefungwa mkono, watu wakaniuliza, ni nani wako? Nikasema ni mama. Wakasema, na wewe ulikuwa wapi?

Mama, niite. Hata kama ni kunifukuza, niite nifukuzwe mbele yako.

Niliwaandikia tarehe ishirini na nne Oktoba kutoka Nairobi. Mwanzia amenionyesha barua yenyewe, iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya rafu, haijafunguliwa wala kuulizwa. Nimeiweka hii juu yake.

Mwanao, na mdogo wako,
Garama